Sakafu ya Jivu la Mwezi wa Saba

Mwezi wa saba wa kalenda yetu ya kale ndio mwezi ambao jivu letu lilipaswa kuwa baya kuliko miezi yote. Mwaka jana likatoka safi. Hapo ndipo ningeshtuka, kama ningekuwa na akili timamu. Badala yake nilivimba kichwa.

Naitwa Pi-yun. Nafanya kazi katika maabara ya kiwanda cha kuchoma taka, pwani ya magharibi ya Taiwan, ambako upepo hukutia chumvi mdomoni kabla hujaufungua. Taka za miji minne huingia kwetu kwa malori na kutoka zikiwa jivu. Jivu ni jingi mno, na kisiwa hakina pa kulizika, kwa hiyo linatengenezwa liwe kokoto za kuwekwa chini ya barabara. Shida ni madini mazito yaliyomo, hasa risasi. Mvua ikilinyeshea jivu bichi, risasi hutoka na maji na kuteremka visimani na mashambani. Kazi yangu ni kuizuia isitoke. Sisemi kuiondoa, maana kuiondoa hatuwezi. Tunaifungia humo humo. Jivu linaoshwa mara tatu, kisha linalazwa bandani na kupulizwa hewa ya kaboni kutoka dohani, mpaka risasi igeuke kuwa kama jiwe na kukata tamaa ya kusafiri. Zamani jivu lililala miezi minne. Mimi ndiye niliyesema wiki nane zinatosha.

Sasa mwezi wa saba wafu hutoka kutembea, nasi tunawachomea pesa zao za karatasi ili wasirudi mikono mitupu. Karatasi zile zimebandikwa utando wa bati, dhahabu bandia na fedha bandia, na ndani ya bati mna risasi. Tangu wilaya ipige marufuku kuchoma mitaani kwa sababu ya moshi, karatasi za kila nyumba hukusanywa na kuletwa kiwandani kwa malori yaliyofungwa vitambaa vyekundu. Mdomo wa tanuri unasafishwa, kuhani anasoma, meneja anachoma udi huku akikohoa, na karatasi zinachomwa peke yake siku nzima bila kuchanganywa na taka. Watu wanarudi makwao wameridhika. Hawaoni yanayotokea upande wa nyuma, ambako jivu la pesa hizo linaangukia uwanja uleule na kusukumwa kwenye lundo la jivu la nepi na makopo.

Baba yangu aliyaona. Yeye, Mzee Kun-huo, ndiye aliyekuwa akiendesha tingatinga la uwanja huo kwa miaka kumi na saba.

Majibu ya mwaka jana niliyasoma nikiwa nimesimama karibu na mashine ya kuzungusha chupa. Juu yake tumeweka pakiti ya kijani ya bisi, kama kila mtu hapa anavyoweka juu ya mashine yake ili iwe na adabu, na ole wako uiache ipitwe na tarehe. Unatia jivu kwenye chupa yenye maji ya asidi kidogo, unaizungusha saa kumi na nane, kisha unapima kilichotoka. Kilichotoka mara hii kilikuwa karibu na sifuri.

Meneja Hung alikuja akaiangalia karatasi kwa karibu, kisha kwa mbali.

"Pi-yun, umesoma vizuri au umevaa miwani ya mama mkwe wako?"

"Nimerudia mara tatu, bosi."

"Mwezi wa saba? Risasi kiasi hiki? Hata jivu la jikoni kwangu lina zaidi."

"Basi mwambie mkeo aache kukaanga misumari."

Alicheka mpaka akashika meza. "Wiki nane zako zimejibu, dada. Mwaka ujao viwanda vyote vya kisiwa vitakuja kupiga magoti hapa. Nenda katengeneze nywele, utapigwa picha."

Palikuwa na swali moja tu la kuuliza, na mtoto wa shule angeliuliza: risasi iliyoingia tanurini imekwenda wapi? Risasi haiungui ikaisha. Kama haikutoka kwenye maji, ningepaswa kuitafuta kwenye jivu lenyewe, kulisaga na kuliyeyusha lote, kazi ya siku mbili. Sikuifanya. Sifa ni tamu, na mimi nilikuwa nimekaa miaka tisa bila kuilamba.

Jioni hiyo nilikula kwa baba. Nakaa kwake tangu mume wangu aende Vietnam kusimamia kiwanda cha viatu, na binti yangu Lan, aliyekuwa na miaka miwili wakati ule, alilelewa na mikono yetu miwili, wa baba na wangu. Tulikula uji wa wali na viazi vitamu, mayai ya bata ya chumvi, na matembele ya bustani ya baba. Nikaanza kujitapa. Nilieleza habari ya chupa, habari ya Meneja Hung, habari ya picha.

"Baba, siku hizi jivu letu hata ukilimwaga uani kwako halina neno."

"Na la mwezi wa saba?"

"Hilo ndilo safi kuliko yote."

Alitafuna karanga polepole. "Vizuri," akasema. "Mama yako angefurahi."

Mama alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Nilidhani baba ananisifu, machozi yakanilenga.

Majira ya baridi baba alistaafu. Kabla ya mwaka mpya akajenga sakafu uani, kuanzia mlango wa chumba cha madhabahu ya wazee wetu mpaka kwenye pampu ya kisima. Alikuwa fundi wa kujifunzia, lakini sakafu ilinyooka, ya kijivu, yenye chembechembe zinazometa jua likiipiga. Ilichubuka haraka, ikawa inatoa unga chini ya miguu. Hakuna aliyejali. Lan alijifunza kukimbia juu yake. Baba alianika karanga pale, na Lan akawa anaziokota na kuzila bila kuzimenya.

Mwaka huu, maua ya mikomamanga yalipotoka, Lan akaanza kuugua. Tumbo lilimsokota akajikunja kama kamba. Siku tano bila choo. Akapauka. Akawa mkali, akimpiga babu yake kwa kijiko, halafu akilala mchana kutwa. Na maneno yakampungua. Alikuwa mtoto wa kuongea kama redio ya sokoni. Sasa alianza kuonyesha vitu kwa kidole.

"Ameshtuka," baba akasema. "Ameona mtu."

"Baba, mtoto ana choo kigumu. Hajaona mzimu."

"Vyote viwili vinaweza kumpata mtu mmoja."

Akachukua shati la Lan na bakuli la mchele, akampeleka kwa bibi mmoja hekaluni anayeondoa mishtuko. Bibi akazungusha mchele juu ya shati, akausoma, akasema mtoto amekanyaga pasipopaswa. Nilicheka. Ninapokumbuka kicheko hicho natamani kujizaba kofi.

Daktari Chiu wa hospitali ya mjini ni mama wa makamo asiyetabasamu bila sababu. Alimtazama Lan ufizi, akambonyeza tumbo, kisha akaniuliza mimi, si habari za mtoto, bali zangu.

"Mama Lan, unafanya kazi wapi?"

"Kiwanda cha kuchoma taka. Maabara ya jivu."

Akaweka kalamu chini. "Nguo za kazi unafulia wapi?"

"Kulekule kiwandani. Na kuoga tunaoga kulekule."

"Tutampima damu madini," akasema.

Majibu yalikuja baada ya siku mbili kwa simu, na simu ya daktari mwenyewe haijawahi kuleta heri. "Hamsini na mbili," aliniambia. "Risasi. Kwa mtoto, ikifika tano tu tunaanza kuhangaika. Mlete sasa hivi, usingoje hata kufunga mkoba."

Nilijua ni mimi. Nilijua kwa uhakika wa mtu aliyeshikwa na kisu mkononi. Nilimwacha Lan wodini na babu yake, nikaenda kufuta kwa pamba nyayo za viatu vyangu, viti vya gari, mkanda, begi, hata nywele zangu. Nikavipima vyote. Havikuwa na kitu. Nilikaa sakafuni maabarani nikalia kwa hasira, maana ningekuwa mimi mambo yangekuwa yameisha. Ningeacha kazi, basi. Kama si mimi, basi risasi ilikuwa bado iko nyumbani inamngoja mwanangu arudi.

Asubuhi iliyofuata nilizunguka nyumba ya baba kama mwizi mwenye orodha. Nikachukua maji ya kisima, vumbi la dirishani, udongo wa matembele, karanga. Mwisho nikabandua kipande cha sakafu pale karibu na pampu, ambapo kilitoka kwa ukucha tu. Nilikiponda, nikakitia kwenye chupa, nikaizungusha saa kumi na nane zile zile.

Maji ya kisima yalikuwa na risasi. Vumbi lilikuwa na risasi. Kipande cha sakafu kilitoa risasi nyingi hivi kwamba mashine iliniomba nichanganye maji zaidi ndipo isome. Na pamoja na risasi lilikuwapo bati, bati tele. Taka za nyumbani hazina bati kiasi hicho. Kitu kimoja tu kinachopita kwenye tanuri letu kina risasi na bati vimekumbatiana namna ile. Nilisoma mstari huo nikaelewa mambo mawili kwa pamoja: aliyemlisha mwanangu sumu, na kwa nini jivu langu la mwezi wa saba lilitoka safi.

Wodini nilimkuta baba amempakata Lan, anampa uji kwa kijiko, akiupuliza kwanza. Majuto ni mjukuu, tunasema kila siku bila kufikiri. Wake alikuwa mapajani anakula.

"Baba, ile sakafu ya uani uliijenga kwa kitu gani?"

"Kwa mikono yangu. Kwani imepasuka?"

"Nauliza ulitia vitu gani."

"Saruji. Mchanga." Akampangusa Lan kidevu. "Na jivu."

"Jivu gani?"

"Lile la pesa." Alisema bila aibu hata chembe, alisema kama mtu aliyengoja muda mrefu aulizwe. "Pi-yun, nimekaa kwenye lile tingatinga miaka kumi na saba. Kila mwaka nasukuma pesa za wazee wa watu ndani ya mavi ya watoto. Nikasema haya, kazi ni kazi. Lakini mama yako? Yule mwanamke alikuwa akichemsha maji kufulia kitambaa cha kudekia! Nimsukumie haki yake kwenye nepi, halafu nije nyumbani nimfukizie udi nikimwangalia usoni?"

"Ulichukua kiasi gani?"

"Karibu lote. Huwezi kujua lipi la mama yako na lipi la mama wa jirani. Magunia mia na kitu, safari tisa za pikapu. Mlinzi alidhani ni mbolea."

"Kabla sijachukua sampuli."

"Siku hiyohiyo, likiwa bado la moto. Nikaliweka ghalani kwa heshima. Sikutaka kulitumia, nilitaka kulizika tu. Wewe ndiye uliyekuja mezani ukasema ndilo safi kuliko yote, hata likimwagwa uani."

"Lilikuwa safi kwa sababu ulishaliondoa!"

Nilipiga kelele. Mama wa kitanda cha pili aligeuka, na Lan akajificha kifuani kwa babu yake akinikodolea macho mimi, kana kwamba mbaya wake ni mimi. Nikashusha sauti. Nikamwambia baba yote: risasi, kisima, unga wa sakafu, karanga, na damu ya Lan.

"Hukuliosha hata mara moja?" nikamuuliza. Lilikuwa swali la kijinga, lakini mtu mwenye kazi yake hulirudia jambo la kazi yake.

"Nioshe pesa ya mama yako kwa maji ya mtaro? Wewe ungeweza?"

"Hukulilaza?"

"Aliyelala ni yeye. Nilitaka akija kututembelea akanyage pasafi." Akakiweka kijiko ndani ya bakuli taratibu. Sura yake ilianza kubadilika, si kwa ghafla. Akamtazama Lan nyayo, akaugeuza mmoja juu, akaupangusa kwa kiganja chake, akaupangusa tena, na tena. "Kwa hiyo ni mimi," akasema.

Ningeweza kumwambia si yeye peke yake. Ningeweza kumwambia kwamba aliyefungua mdomo mezani alikuwa mimi, na kwamba mimi ndiye mwenye shahada, na yeye aliliamini neno langu kama baba anavyomwamini mtoto aliyemsomesha. Sikusema. Nilikuwa na hasira, na nilimwacha aubebe mzigo peke yake kwa siku tatu. Hilo sijajisamehe.

Kwa Meneja Hung nilikwenda mwenyewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilimwambia wiki nane zangu hazijawahi kupambana na jivu la mwezi wa saba, kwamba picha tuliyopigwa ni ya uongo, na kwamba karatasi za mwaka huu zikichomwa na kulazwa wiki nane, risasi itateremka moja kwa moja chini ya barabara za watu. Alishika kichwa.

"Dada Pi-yun, si tungesema mashine ilikosea?"

"Mashine ilisema kweli, bosi. Sisi ndio tuliokosea."

Kisha akauliza mtoto anaendeleaje. Nilipomjibu hakutaja tena habari ya mashine. Tumerudi kwenye miezi minne.

Baba hakungoja watu wa idara ya mazingira waje na mavazi yao meupe. Nilimkuta uani na nyundo, amejifunga kitambaa puani, amelowesha magunia na kuyatandika kama nilivyomwelekeza kwa simu, anavunja sakafu kipande kwa kipande. Pia alikuwa ameing'oa pampu. Mlango wa chumba cha madhabahu alikuwa ameufunga. Nilishika koleo nikamsaidia. Tulifanya kazi mpaka mchana, na tulipomaliza akaniuliza kama haya yote yanaweza kuoshwa sasa. Nikamwambia yanaweza. "Basi yaoshe," akasema. "Hata kwa maji ya mtaro." Ndipo nikamwambia lile la mezani, kwamba kosa ni letu wawili. Alitikisa kichwa kama mtu anayekataa chai.

Lan alipewa dawa inayoikamata risasi ndani ya damu na kuitoa kwa mkojo. Kazini nafurahi chupa ikitoka bila risasi. Hospitalini nilikuwa nauomba mkojo wa mwanangu utoke na risasi, nyingi, zaidi ya jana. Duru ya kwanza ilishusha damu mpaka ishirini na nne. Tulipika tambi kushangilia, baba akacheka mara moja. Wiki mbili baadaye ikapanda thelathini na tisa, na hakuwa amekanyaga nyumbani; tulikuwa tumepanga chumba mjini. Tukarudia dawa. Ikashuka. Ikapanda tena.

Daktari Chiu alituita sote wawili. Alisema damu si ghala, damu ni njia tu. Ghala ni mifupa. Mtoto anayekua huipokea risasi akidhani ni chokaa, huijengea mifupa, na kutoka humo inachuruzika kidogo kidogo kurudi kwenye damu. Tutaendelea na dawa. Kuhusu maneno yaliyopotea, alisema tutangoja tuone, na hakututazama aliposema hivyo.

Nje, kwenye benchi la korido, baba alimpakata Lan.

"Ile ya mifupani inakaa muda gani?"

"Miaka ishirini, Baba. Pengine thelathini."

"Nitakuwa nimekufa."

"Ndiyo."

"Lakini wewe kazi yako ni hii. Umesomea hii." Alinishika mkono, yeye ambaye hakuwa amenishika mkono tangu mazishi ya mama. "Mwanangu, hakuna namna ya kumuosha?"

Sikuwahi kumdanganya baba juu ya kazi yangu ila mara ile moja, na mara ile sikujua kwamba nadanganya. "Sijui kuitoa, Baba," nikasema. "Najua kuifungia tu. Na hii imefungwa vizuri kuliko zote nilizowahi kupima."

Lan alimvuta babu yake shati, akaonyesha kwa kidole chupa ya uji iliyokuwa mkobani.

"Sema uji," baba akamwambia. "Sema, babu, nataka uji."

Alingoja. Lan akaonyesha tena kwa kidole, mdomo wazi, na baba akafungua chupa akamlisha.